Kaka, sura ile aliichagua Baba

Shikamoo kaka. Simu zangu hupokei, na shemeji ananijibu kwa upole kwamba umetoka. Basi naandika hapa, maana najua wanao watakusomea.

Nimeambiwa unachosema: kwamba kwenye ibada ya kumaliza msiba nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikasoma Mwanzo 33, Yakobo anapokutana tena na kaka yake Esau, ili nikuseme wewe, na kwamba Kiebrania kimenipa kiburi. Kaka, sura ile aliichagua Baba.

Wewe ndiye uliyemwogesha, ukamlisha, ukamkimbiza hospitali usiku. Kwa hilo sina cha kukulipa. Lakini jioni nilizokaa naye barazani ulikuwa bado hujarudi kutoka shamba, hukuona tulichofanya. Yeye alishika Biblia yake ya Kiswahili, ya Union, ile iliyoshonwa jalada, mimi nikashika ya Kiebrania, tukaenda mstari kwa mstari. Hakuniuliza hata mara moja kama imani yangu bado ipo. Aliuliza habari za Esau.

Sote wawili tulifundishwa kwamba Esau ni yule aliyeuza haki yake kwa chakula cha dengu, na ukiongeza Malaki, "Esau nimemchukia", kesi imefungwa. Lakini isome polepole. Yakobo alimwibia kaka yake baraka ya baba yao, akakimbia, amekaa kwa mjomba wake Labani miaka 20. Anarudi, anasikia kaka yake anakuja na watu 400. Anawagawa watu wake, anatanguliza mifugo iwe zawadi, anainama mpaka chini mara saba. Na Esau? Kiebrania hapo hakina pambo, ni vitenzi tu vinafuatana: akakimbia kumlaki, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, wakalia. Aliyeibiwa baraka ndiye anayekimbia.

Juu ya neno "akambusu" kuna nukta, moja juu ya kila herufi. Si zile alama za irabu. Gombo la Torati halina irabu, lakini nukta hizo zimo, na zimo katika nakala ya Leningrad, Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1008, ambayo ndiyo msingi wa Biblia niliyokuwa nayo mkononi. Waandishi wamezinakili kizazi hadi kizazi bila kueleza ni za nini, na marabi, walimu wa Kiyahudi, wakabishana juu yake. Wapo waliosema busu lile halikuwa la kweli, Esau alikuja kuuma. Rabi Shimon bar Yohai, ambaye hakuwa na shaka kwamba Esau alimchukia Yakobo, alisema saa ile huruma ilimshinda, akambusu kwa moyo wake wote. Nilipomsimulia Baba alinyamaza, kisha akasema hao wa kuuma hawajawahi kukosana na ndugu wakamkosa kweli.

Na ni yeye, kwa Kiswahili chake, aliyenionyesha jambo jingine. Esau anasema nina vya kutosha, "ndugu yangu". Yakobo anamjibu "bwana wangu", mara hii na mara ile, na kumwita "ndugu yangu" hakumtoki mdomoni sura nzima. Nikafuatilia kwenye Kiebrania, ni hivyo hivyo. Kisha anaahidi kumfuata mpaka Seiri, kwao Esau, halafu anaelekea Sukothi na kujenga nyumba. Mwandishi hasemi neno juu ya hilo. Hatuwaoni tena pamoja mpaka 35:29, wanapomzika Isaka.

Hapo Baba akafunga Biblia yake. "Siku yangu ikifika msome hapa," alisema. "Mkiwepo wote wawili."

Ndiyo nikasoma. Nilipofika kwenye zile nukta ulinyanyuka, ukanitoa Biblia mikononi, ukaifunga, ukaiweka kwenye kiti cha Baba. "Kaa chini. Baba amekufa Mkristo." Wanangu walikuwepo. Mama mdogo akainamisha uso. Nikakaa, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na tangu siku hiyo sentensi ile haijanitoka. Kana kwamba mimi nilitaka afe na dini nyingine! Mzee aliyenifundisha Baba Yetu nikiwa sijaanza hata shule!

Nakushauri, kwa kadiri mdogo anavyoweza kumshauri mkubwa: chukua sura ya 32 mpaka ya 35, usome kwa mkupuo mmoja, bila kutafuta nani mwema. Malaki ni neno la Mungu, na mbio za Esau ni neno la Mungu. Hatukupewa ruhusa ya kufuta kimoja kwa kingine. Mimi sijafuta kitu. Kusoma kwa uangalifu maandishi ambayo watu walilinda hata nukta zake si uasi, na wala sikukuita Esau. Na hata ningekuita, ungeangalia kwanza ni nani kati ya wale wawili anayetoka na heshima pale. Hukusubiri hata mstari wa nne uishe.

Baba hakutaka niishie kwenye busu. Alitaka 35:29, na huko sikufika. Abrahamu alipozikwa, aliyetajwa kwanza ni Isaka, kisha Ishmaeli, ingawa Ishmaeli ndiye mkubwa. Kwa Isaka imeandikwa Esau na Yakobo, wanawe, wakamzika. Esau kwanza. Haki ya mzaliwa wa kwanza aliiuza, baraka akanyang'anywa, lakini kwenye kaburi la baba yao ametajwa mahali pa mkubwa. Huko ndiko nilikokuwa naelekea, kaka, niwaambie watu wote waliokuwepo kwamba aliyemzika Baba yetu ni wewe kwanza, halafu mimi.