Usije na gunia

Makorora, Tanga
4 Juni

Kwako shoga yangu Mama Shukuru,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, watoto wanakula, mzee anakohoa kama kawaida yake, joto limepungua. Natumai na nyinyi huko Lushoto mko salama na baridi yenu.

Utashangaa barua badala ya simu. Simu yako anaishika mkweo, na sauti zangu za WhatsApp anazifungulia sebuleni kwa spika. Mara ya mwisho nilikunong'oneza habari ya mkopo wa kikundi, kesho yake Hoza, aliyeyasikia hapo sebuleni, ananiuliza marejesho ni shilingi ngapi! Basi karatasi hii nampa Hoza huyo huyo ailete, ila nimeibandika gundi. Ukiikuta imefunguliwa uniambie.

Shoga, nimefanyiwa upasuaji. Usipige yowe. Leo natimiza wiki nne na niko hai, nakula, nacheka kwa tahadhari. Kwa watu wote nimesema kidole tumbo, na kama salamu za kidole tumbo zilishakufikia, zifute. Nimetolewa kizazi. Kilikuwa kimeshuka, na si cha jana wala juzi. Kilianza kuchungulia mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, na mjukuu sasa yuko darasa la sita. Kile kiti nilichokuwa naswalia nikakwambia ni magoti? Magoti yangu mazima kabisa. Ni kwamba kila nikiinuka kutoka sujudu kinatoka na mimi, nahisi udhu wenyewe umeingia doa. Nikaona bora kiti.

Miaka ile nilikwenda zahanati moja, aliyenihudumia akaniambia mama, ni uzee na uzazi mwingi, vumilia. Nikavumilia. Unanijua mimi kwa kuvumilia. Asubuhi kipo ndani, ikifika alasiri baada ya kuteka maji na kusimama jikoni, kipo nje kinasuguana na nguo mpaka kidonda. Mkojo hauji mpaka nikisukume kwa kidole. Mwanzoni mwa mwaka huu ndipo Rehema akaiona damu kwenye kanga nikifua, akanibana, nikalia kama mtoto. Bahati bima yake ya ualimu inanibeba na mimi mzazi.

Daktari kwanza alijaribu pete. Ndiyo, pete, ya mpira, inawekwa ndani ishikilie kizazi. Wako wanawake wanakaa nayo miaka bila shida. Mimi ya ndoa sijawahi kuivua toka niolewe, hii ikatoka yenyewe siku ya tatu, msalani, nilipopiga chafya. Akanijaribishia kubwa zaidi, nayo ikatoka. Akasema mama, hiki kimeshuka chote, na wewe umeshakoma hedhi, huzai tena. Tukitoe, na kibofu nacho kimeshuka tukirudishe mahali pake tukishone.

Unajua nilichoogopa? Si kufa. Niliogopa maneno. Kwamba mwanamke akitolewa kizazi anabaki gome tupu, sauti inakuwa nzito, mume anatafuta pengine. Nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Akasema kizazi ni nyumba ya mtoto, na mtoto hayupo, sauti yako haikai humo. Baba Rehema yeye alikuwa na swali lake moja tu. Tulipoambiwa tusikutane mpaka wiki sita zipite na daktari anitazame, akauliza: "Zinahesabiwa tangu siku ya kupasuliwa au siku ya kuruhusiwa?" Mimi nikatamani sakafu inimeze.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa si yangu, lakini masikio yalikuwa yangu. Wanabishana Simba na Yanga huku wananitoa kizazi! Na hapa ndipo ilipo shida iliyonifanya nichukue kalamu. Shoga, hawakunipasua tumbo. Kimepita njia ile ile walikopita watoto. Tumboni sina hata mkwaruzo.

Sasa nani amewahi kutolewa kidole tumbo bila mshono?

Sikulifikiria hilo. Siku ya tano tu toka nirudi, wifi Zaina huyu hapa, na sukari yake kilo mbili, hajakaa vizuri: "Hebu tuone mshono." Nikasema daktari amekataza upepo. Alipotoka nikamwita Rehema, mwanangu nibandike plasta haraka. Akabandika. Kesho yake Mama Asha akaja, nikafunua kidogo kwa madaha, akatazama, akanyamaza, kisha akasema: "Wa mwanangu ulikuwa kulia." Rehema alikuwa amebandika kushoto! Mwalimu wa sayansi! Unajua mtaa sasa unasemaje? Nimeuza figo. Ndiyo maana Rehema amenunua friji.

Nacheka nikiandika, na kucheka bado kunavuta kule chini. Lakini usiku hainichekeshi. Nauguza kidonda, na juu yake nauguza uongo.

Nikurudishe hospitali kidogo. Siku ya pili walinitoa gozi waliyokuwa wameijaza ndani kuzuia damu. Inavutwa haiishi, kama kilemba kinavyofunguliwa. Halafu wakatoa mpira wa mkojo, nikapewa jagi nikojolee, nesi apime ni kiasi gani kimetoka na ndani kimebaki kiasi gani. Nilipokojoa mwenyewe bila kusukuma na kidole, nilikaa pale juu ya jagi nikalia. Nesi akadhani naumwa. Miaka yote ile, Mama Shukuru.

Wodini tulikuwa watatu wa ugonjwa mmoja. Mmoja wa Pangani, mmoja wa Handeni, wa Handeni amekaa nacho kuliko mimi. Kila mtu alikuwa anajua ni yeye peke yake duniani. Yule wa Pangani kajifungua wanane, wa kwanza alikaa na uchungu siku mbili nyumbani. Mimi sita, na mkonge. Wewe unakumbuka zile singa mbichi za mkonge tulizokuwa tunabeba kutoka korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, kwenda kuanika, mimi nimerudi kazini mtoto hajatimiza hata arobaini? Daktari aliponiuliza nimebeba nini maishani nilikosa pa kuanzia. Kuzaa kunalegeza ile misuli inayoshikilia kizazi, mizigo na kikohozi na choo kigumu vinamalizia, na hedhi ikishakoma kunazidi kulegea.

Wiki ya kwanza nililala na kutembea polepole uani, maana wanataka utembee damu isigande miguuni. Choo kilinitisha kuliko upasuaji wenyewe. Nakula papai kama ndege, maji nakunywa mpaka naota naogelea, na nikikaa chooni naweka kistuli chini ya miguu nisikamue. Wiki ya tatu nikaona uzi kwenye pedi. Uzi, shoga! Nikadhani mkonge umenifuata. Tukapiga simu, nesi akasema ni nyuzi za ndani zinayeyuka, zinadondoka vipande vipande, na uchafu wa kahawia usinitishe. Nitishike nikiona damu nyingi, harufu mbaya, homa, mkojo kugoma, au mguu kuvimba na kuuma. Nashukuru sijaona hata kimoja. Kuhusu swala, ustadhati aliniambia damu hii si hedhi, nitawadhe kwa kila swala niswali. Kiti bado ninacho, ila safari hii nina ruhusa.

Ninachokosa ni ndoo. Nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai mpaka wiki sita, na hata baadaye ndoo ya lita 20 kichwani niisahau, kwa sababu kizazi kutolewa si kwamba basi, uke wenyewe unaweza kushuka ukifuatia kilichotangulia. Mimi nikae, mjukuu ateke maji, mzee achochee moto! Juzi alipika ugali, nikaula kwa heshima. Nimepewa na mazoezi ya kubana kama unayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia. Siku hizi wifi akikaa hapa barazani kunihoji, yeye anaongea, mimi nabana. Hajui.

Sasa lile lenyewe. Jumamosi ya tarehe 14 ni ndoa ya Salma, na pilau la Salma wamenipa mimi tangu mwaka jana. Masufuria mawili, kila moja kilo 20 za mchele, kugeuza, kuepua. Nimesema sitaweza. Wifi kajibu kidole tumbo ni wiki mbili, dada yake shemeji alipona akalima. Nikimwambia ukweli, jioni mtaa mzima unajua, na maneno yatamfikia Baba Rehema na mikia. Nisipomwambia, nimekataa harusi ya mtoto wao. Nimeandika ujumbe mara tatu nikafuta. Labda nimwambie tu. Labda nimwambie Salma mwenyewe, binti anaolewa, afadhali ajue mapema kwamba... sijui. Wewe ungefanyaje?

Nakuomba uje. Shuka na basi la Alhamisi, usimamie masufuria, ugombe, vijana wabebe, wewe uonje chumvi tu. Mkono wako wanaujua tangu arobaini ya mama Mwanaidi.

Na arobaini ile ndiyo inayonikosesha usingizi. Tulikuwa mkekani tunachambua mchele, ukanyanyuka nusu ukasema, "Nahisi kama nimekalia yai." Tukacheka wote, Mwanaidi akasema basi atamia. Mimi nilicheka kuliko wote, na la kwangu lilikuwa limeshaanguliwa siku nyingi. Ningeweza kukuvuta pembeni siku ile ile. Nikanyamaza.

Basi nijibu bila kuficha. Lile yai bado lipo? Linakaa ndani au jioni linachungulia? Mkojo unakuponyoka ukicheka? Bado unapanda kile kilima na kuni mgongoni? Kikohozi cha moshi kilipoa? Nani mwingine anajua? Shukuru anajua? Ukija Alhamisi, unaweza kubaki mpaka Jumanne? Jumanne ndiyo kliniki ya daktari wangu, kiti cha pembeni yangu hakina mtu. Huenda wewe ukapewa mazoezi tu, au pete ikakukubali. Kadi ya bima unayo au tuanze kuchanga?

Na gunia la viazi liache. Najua utasema huwezi kushuka Tanga mikono mitupu. Viazi vipo soko la Mgandini. Njoo na mkoba wa begani.

Wako,
Mama Rehema

Mtu akikuuliza huko njiani, figo zangu zote mbili ninazo.