Nuru mmeleta, sitara mmeondoka nayo

Raskazone,
Tanga.
16 Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Ukarabati (jina nimelihifadhi),
Tanga.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKARABATI WA NYUMBA YA MAMA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlipokuja Novemba tuliwakaribisha barazani, mkanywa chai, mama akawaeleza mwenyewe anachotaka. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, ndani giza hata saa sita mchana. Alitaka mwanga. Alitaka pia akae uani jioni apunge upepo bila kuvaa baibui kwa ajili ya watu wa ghorofa ya jirani. Mkataba unasema hivyohivyo: madirisha membamba ya juu, chini ya lenta, upande wa barabarani, mlango mpana wa kutokea uani, ukuta wa ua wa tofali za matundu, na banda la makuti.

Mlango mmeweka, ahsanteni. Barabarani, ambako ndiko magharibi, mmetoboa dirisha la aluminiamu la futi sita kwa tano, kioo cheupe. Kuanzia saa tisa alasiri kochi halikaliki kwa jua, na usiku taa ikiwaka mpita njia anaona mpaka mboga tunayolia. Juzi muuza kahawa kanisalimia kupitia dirishani, akauliza mgonjwa wetu anaendeleaje. Tumetundika khanga mbili. Mama karudi gizani, ila safari hii ni giza la kulipia.

Ukuta wa ua mmejenga wa tofali nzima, eti za matundu zilikosekana na hizi ni imara zaidi. Ukuta wenyewe uko kusini mashariki! Mtu wa Tanga haelezwi kusi, ule upepo wa msimu huu, inatoka wapi. Mwezi huu ingekuwa inapita uani. Sasa inaishia kwa jirani. Na huyo jirani yuko juu, ukuta haumzuii kutuona. Wa kutusitiri ni makuti, na banda hadi leo ni mashimo manne ya nguzo, yamejaa maji.

Linaloniuma zaidi ni plasta. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ninyi mmezifunika kwa sementi, unyevu umekosa njia, na masika yalipopita chumvi ikachomoza, rangi ikabambuka kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno. Marehemu baba alikuwa akipaka chokaa kila mwaka kwa brashi ya katani, na hatukuwahi kuona ukuta ukitoka jasho namna hii. Fundi wenu kaniambia nipake rangi ya mafuta. Sikumjibu.

Ninaomba mbandue sementi hiyo na kupiga plasta ya chokaa, mzibe dirisha na kufungua yale ya juu, mbomoe sehemu ya juu ya ukuta na kuweka tofali za matundu, mmalize na banda. Asilimia 30 iliyobaki ninaishikilia hadi hapo. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka mkataba na picha kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo sheria ya mwaka 1997 imeipa kazi ya kuwasimamia.

Mkija kukagua, njooni saa tisa na nusu alasiri. Nitaondoa khanga, nanyi mtakaa kwenye lile kochi.

Wako,
Mtoto wa mwenye nyumba