Kongosho si ya insulini peke yake

Mhariri,

Magazeti yetu yanapoandika habari za kisukari, kongosho hutajwa kuwa ndiyo inayotengeneza insulini, na maelezo huishia hapo. Jambo hilo ni la kweli, lakini seli zinazotoa insulini ni sehemu ndogo mno ya kiungo hicho. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza majimaji ya kumeng'enya chakula, kiasi cha lita 1 hadi 1.5 kwa siku, na nadra kusikia likizungumzwa. Naomba nafasi nieleze jinsi kazi hiyo inavyoongozwa mwilini, kwa sababu ukimya wetu umewaachia uwanja wanaotangaza dawa za kuamsha na kusafisha kongosho.

Kongosho huamshwa na chakula chenyewe. Harufu ya pilau ikimfikia mwenye njaa, ubongo hupeleka habari kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya mmeng'enyo, ncha za neva hiyo zikatoa asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe wa neva, na seli za kongosho zikaanza kumwaga vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunjavunja chakula, hata kabla ya tonge la kwanza kufika tumboni. Ivan Pavlov wa St Petersburg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona kwamba neva ndizo zenye amri yote.

Tarehe 16 Januari 1902, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walilipima wazo hilo katika chuo cha University College, London. Walimchukua mbwa aliyepewa nusukaputi, wakakata neva zote zilizofika kwenye kipande kimoja cha utumbo mwembamba, wakabakiza mishipa ya damu tu, kisha wakatia humo asidi hafifu. Kongosho ikatoa majimaji yake kana kwamba hakuna kilichokatwa. Starling akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga pamoja na mchanga na asidi, akachuja, na maji yaliyopatikana yakadungwa kwenye mshipa wa damu wa mbwa yule. Baada ya muda mfupi kongosho ikaanza tena kudondosha. Mjumbe huyo aliyepita kwenye damu walimwita sekretini, na mwaka 1905 Starling akawapa wajumbe wote wa aina hiyo jina la homoni. Maabara ya Pavlov ilirudia jaribio hilo, ikakubali matokeo.

Leo tunajua kwamba asidi ya tumbo inapoingia duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na pH (kipimo ambacho kikishuka asidi huwa kali zaidi) ikawa chini ya 4.5, seli za ukuta wa utumbo huachia sekretini kwenye damu, nayo huifanya mirija ya kongosho itoe maji yenye bikabonati ya kuizima asidi hiyo. Asidi ikiisha nguvu, sekretini nayo hupungua. Mafuta na protini zilizoanza kumeng'enywa huleta homoni nyingine, kolesistokinini, ambayo huhimiza vimeng'enya vitoke, hukaza kifuko cha nyongo na kulipunguza tumbo mwendo ili utumbo usielemewe. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya amri yake kwa kongosho hupitia neva ileile ya vagasi, kwa hiyo Pavlov hakukosea kuhusu uwezo wa neva. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya habari.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa dawa hawalitaji kamwe. Vimeng'enya vya protini hutoka kwenye kongosho vikiwa bado havina makali, na kimojawapo, tripsini, hupata nguvu yake ndani ya duodeni, kwa msaada wa kimeng'enya cha ukuta wa utumbo. Vikipata nguvu mapema vikiwa bado ndani ya kongosho, huanza kuimeng'enya kongosho yenyewe, na huo ndio uvimbe mkali wa kongosho, ambao mara nyingi husababishwa na mawe ya nyongo au pombe. Mwenye ugonjwa huo akiuziwa chupa ya kuchochea kongosho anapotezewa saa ambazo angepaswa kuwa hospitali.

Naiomba meza yako ya afya, inapoandika tena juu ya kongosho, iandike pia dalili za upande huu: maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka kupita kawaida, na kukonda licha ya kula vizuri. Iwaambie wasomaji pia kwamba kipimo cha sukari kikiwa sawa hakithibitishi kwamba kongosho ni nzima, na kwamba mwenye upungufu wa vimeng'enya anaweza kuandikiwa na daktari vidonge vya vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula.

Wako,
Mwalimu wa biolojia,
Tanga