Mgeni Kaachiwa, Mwenyeji Kasalia Ndani

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu wanahabari wa kigeni wanaofungwa wakiwa kazini ugenini. Ni habari nzuri, ila kuna watu mliowasahau, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Kwa miaka 19 nilikuwa dereva wa wanahabari wa kigeni wenye ofisi hapa Nairobi. Nimewapeleka Lodwar, Mandera, Moyale, na mara kadhaa ng'ambo ya mpaka. Kwa jina nilikuwa dereva. Lakini ndimi niliyetafsiri, niliyemtafuta mzee wa kijiji, na tukifika kwenye kizuizi cha barabarani ndimi niliyeulizwa kwanza, "Hawa umewatoa wapi?"

Mwaka mmoja, katika mji ambao sitautaja, tulikamatwa watatu: mwandishi, mpiga picha na mimi. Wao walikalishwa ofisini kwa mkuu wa kituo, wakaletewa soda. Mimi nilivuliwa mshipi na viatu, nikaingizwa seli. Jioni ubalozi wao ulikuwa umeshapiga simu, na kesho yake wakapanda ndege. Mimi nilitoka siku ya 6. Gari nililipata baada ya mwezi mzima, halina betri. Siwalaumu wale wawili, kwani walinihangaikia kadiri walivyoweza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kazi yetu mgeni hupona, mwenyeji akalala sakafuni.

Msidhani ni kisa changu peke yangu. Peter Greste, raia wa Australia, aliishi hapa hapa Nairobi akiitumikia Al Jazeera. Mwishoni mwa 2013 alitumwa Cairo kushika zamu wakati wa Krismasi. Tarehe 29 Desemba akakamatwa pamoja na wenzake wa kazi, Mohamed Fahmy, Mmisri mwenye uraia wa Kanada pia, na Baher Mohamed, Mmisri tu. Juni 2014 Greste na Fahmy walihukumiwa miaka 7. Baher alipewa 10, ile 3 ya ziada kwa sababu ya ganda moja la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Ganda! Watoto wa mtaani kwetu huyaokota kila baada ya maandamano.

Novemba mwaka huo rais wa Misri alitoa amri iliyomruhusu kuwarudisha wageni kwao, na tarehe 1 Februari 2015 Greste akaondoka baada ya siku 400. Fahmy aliukana uraia wake wa Misri ili naye apitie mlango huo. Baher angekana nini? Wote wawili walipewa dhamana mwezi huo huo, lakini Agosti wakahukumiwa tena na kurudishwa ndani, hadi waliposamehewa Septemba.

Ethiopia nako, wanahabari Waswidi Martin Schibbye na Johan Persson walikamatwa katika eneo la Ogaden Julai 2011, wakahukumiwa miaka 11, wakasamehewa Septemba 2012. Mwethiopia Eskinder Nega, aliyekuwa gereza lile lile la Kaliti, alihukumiwa miaka 18 kwa maandishi yake. Alitoka Februari 2018. Hebu hesabu wewe.

Wakenya nasi tukivuka mpaka huwa wageni. Julai 2020 mwanahabari wetu Yassin Juma alikamatwa Addis Ababa katika msukosuko uliofuata kuuawa kwa mwanamuziki Hachalu Hundessa. Aliambukizwa korona kizuizini, na hata baada ya korti kuagiza aachiliwe, polisi walizidi kumshikilia. Yeye alikuwa na jina, na wenzake hapa nyumbani walipaza sauti mpaka akaachiliwa Agosti. Je, dereva wake angekuwa Mkenya asiyejulikana, nani angepaza?

Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, kifungu cha 36, unasema mgeni akikamatwa ana haki ubalozi wake ujulishwe akiomba. Akiomba! Polisi wanapaswa kumweleza haki hiyo, lakini wasipomweleza sharti ajue mwenyewe, na ajue wakati ambapo ameshanyang'anywa simu. Mwenye ofisi kubwa nyuma yake huombewa. Sisi wa kibarua cha siku hatuna mkataba, hatuna bima, na wakili tunamsikia redioni tu.

Basi ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika kwamba mwanahabari wa kigeni amekamatwa, ulizeni alikuwa na nani garini, mwandike na jina la huyo, isipokuwa jamaa zake wakikataa kwa usalama wake. Na siku mgeni akiachiliwa, msiifunge habari kabla hamjauliza kama yule mwingine naye ametoka. Ofisi za kigeni nazo, kabla gari halijawashwa, ziseme kwa maandishi nani atamlipia dereva wakili.

Mimi safari ndefu nimeziacha, mgongo umekataa. Kijana wangu ndiye ameirithi kazi, na wiki ijayo anapeleka watu mpakani. Nilimuuliza kama amepewa karatasi yoyote, akacheka. Nikamwambia basi angalau aandike nambari ya ubalozi wetu kwenye kipande cha karatasi na akiweke ndani ya soksi, maana mfuko hupekuliwa.

Dereva mstaafu,
Kariobangi South, Nairobi