Pembe za mtoto

Goma, Himbi

Ndugu yangu Bahati,

Jambo sana. Nimefurahi kusikia homa ya mama watoto imepoa. Sisi huku tuko, tunaendelea.

Juzi Furaha aliniuliza kwenye simu kama dinosaria mwenye pembe huzaliwa na pembe zake. Mtandao ukakatika kabla sijamjibu, na swali lake limenikaa moyoni. Tafadhali umsomee haya.

Huko Alberta, Kanada, mwaka 1974, mwalimu wa sayansi aitwaye Al Lakusta alikuta mifupa kwenye kijito cha Pipestone. Ilipochimbwa, likaonekana kundi la Pakirinosauri, aina ya dinosaria wa jamii ya wenye pembe, waliokufa yapata miaka milioni 73 iliyopita, wakubwa kwa wadogo. Mifupa imelaliana hadi sehemu nyingine inapita mia moja katika mita moja ya mraba. Nikifikiria watoto wale waliokufa pamoja na wazazi wao, nasikia uchungu, ijapokuwa ni zamani mno. Lakini bila msiba ule tusingejua walivyokua.

Viungo vimeachana, kwa hiyo mtaalamu anaanza kuchambua kama mama anavyochambua maharage. Mifupa ya pua anaiweka huku, ya nyusi kule, halafu anaipanga kuanzia midogo. Hapo ndipo utamu ulipo, Bahati! Mtoto ana kipembe chembamba juu ya pua. Kadiri anavyokua kinapanuka, kinanenepa, na kwa mkubwa hakuna tena pembe ya pua, kuna nundu pana ya mfupa yenye uso wa mikwaruzo. Na mapambo ya ngao, yaani mfupa mpana unaotokeza nyuma ya kichwa, yanayotofautisha aina na aina, yanakamilika mwili ukiwa umeshakaribia utu uzima. Watoto wa aina mbalimbali wanafanana sana.

Ndiyo maana wataalamu wa zamani walipotea. Waliokota fuvu moja moja, wakaliita Monokloniusi au Brakiseratopsi wakidhani ni aina za pekee, kumbe mengi yalikuwa ya vijana. Mwaka 1997 wataalamu Scott Sampson, Michael Ryan na Darren Tanke walilinganisha mifupa ya makundi kama lile la Pipestone, ikaonekana wazi. Nakumbuka babu kule Masisi. Ukimletea ndama peke yake, alisema, “Mrudishe kwanza kundini nimwone na mama yake.”

Basi mwambie Furaha kwamba hatuna fuvu la siku ya kuzaliwa kwa Pakirinosauri, lakini walio wadogo tuliowaona walikuwa na kipembe kidogo tu, tena hakikufanana na nundu ya wazazi wao. Nataka anichoree wote wawili, mtoto na mzazi, anitumie mimi baba yake mdogo. Nitaubandika mchoro wake ukutani, juu ya meza ninapoandikia.

Salimia mama watoto.

Ndugu yako,
Baraka