Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga kuhusu ngitili, malisho yetu ya akiba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mvua zinapokaribia, hutangazwa idadi ya miche ya miti itakayopandwa, nasi huitwa kuipanda. Sina ugomvi na miche. Naomba tu, kwa heshima na taadhima, kabla ya kuihesabu ya msimu ujao tukumbuke jinsi ardhi hii ilivyopata kuwa tupu, maana si kwa ujinga wa wafugaji, kama tunavyosikia mara nyingi kwenye semina.

Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa amri ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikadai mashamba mapya, na ng'ombe, ambaye kwa Msukuma ni akiba, mahari na heshima kwa pamoja, akabanwa katika malisho yaliyozidi kupungua. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, nao wakaziacha ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Nani angelinda nyasi zilizo mbali na boma lake? Zikaliwa na kila mwenye mifugo.

Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha kuzidi hekta 300,000 (Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujamegwa kutoka kwetu). Mradi huo nao ulianza na vitalu vya miche. Kilichorudisha migunga, hata hivyo, ni mbegu na visiki vilivyokuwamo ardhini tayari, dagashida, yaani baraza la mila la Wasukuma, iliyowapangia adhabu wavunjaji, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, waliozisimamia.

Ngitili inayolindwa kwa mila peke yake haina kinga dhidi ya tanuri la mkaa, mgawanyo wa urithi, au kiongozi anayetafuta eneo la kugawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila. Naomba, basi, halmashauri zielekezwe kuziingiza ngitili katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji na kuzipatia hati, za kaya na za jamii. Naomba pia mipaka isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji wakati wafugaji wapo nyumbani, wala si kiangazi, wanapokuwa wamehama na mifugo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, Wilaya ya Kishapu