Kabla ya kengele ya pili, tupimane presha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji, wazee wa kanisa na akina mama wenzangu wa kanda hii ya kati. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini na kliniki kwa miaka mingi katika mkoa wa Dodoma, na sasa naishi Kibaigwa, wilayani Kongwa, ninakolima uwele kidogo na kuimba sauti ya pili katika kwaya ya mtaa wetu.

Mwaka juzi tulimzika mwimbaji mwenzetu. Sitamtaja jina, wala sitaitaja huduma ya maombi aliyokuwa akiihudhuria katikati ya juma, kwa sababu sikuja hapa kushtaki. Alikuwa na presha, mwenyewe akijua, na vidonge vyake alivimeza kwa muda mrefu bila kuruka siku. Kisha akaombewa, akaambiwa amepona, akaacha dawa. Hakuniambia. Kila Jumapili tulikaa benchi moja, mimi muuguzi na yeye asiye na dawa mwilini, tukichungulia kitabu kimoja cha nyimbo. Siku alipoanguka alikuwa anatoka kuchota maji. Nilipofika mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki. Kiharusi. Hakumaliza wiki. Tangu siku ile najiuliza kwa nini pale kanisani tulijuliana hali za mvua, za mahindi na za wajukuu, lakini hatukuwahi kuulizana habari za dawa.

Siandiki kupinga maombi. Nimewaombea wagonjwa wengi kuliko niliowachoma sindano, na naamini Mungu anaponya. Ninachoomba kwa wachungaji wetu ni sentensi mbili tu mimbarani, zisemwe mara kwa mara mpaka watoto wazikariri: ukishaombewa, nenda ukapime, na dawa ya presha au ya kisukari haiachwi mpaka aliyekuandikia aseme iachwe. Mimi nikisema hivyo kliniki, mgonjwa anaitikia "ndiyo, sista" na kwenda zake. Mchungaji akisema, linafika nyumbani na kujadiliwa jikoni.

Kanisa katika nchi yetu halihitaji kufundishwa kwamba afya ni sehemu ya kazi yake. Nani katika mkoa huu hajawahi kuwa na ndugu aliyetibiwa Mvumi, katika hospitali ya Anglikana? Ukivuka kuingia Singida kuna Kilimatinde ya Waanglikana, kuna Itigi na Makiungu za Wakatoliki. Na watu wa kaskazini ya huko hupanda hadi Haydom ya Walutheri, inayohudumu tangu 1955. Mwaka 1992 makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili shule na hospitali hizi ziwe na sauti moja mbele ya serikali. Kazi hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini nyumba ya wagonjwa hupokea aliyekwisha kuugua. Presha inahitaji kukutwa mapema, kwa mtu anayetembea, anayelima na kuimba, asiyehisi chochote. Mtu huyo hospitali hamwoni. Kanisa linamwona kila Jumapili.

Na sisi wa Kongwa tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba jambo dogo likirudiwarudiwa na watu wa karibu hubadilisha afya ya kijiji. Nazungumzia vikope, ugonjwa wa macho. Wenye umri wangu wanakumbuka. Ugonjwa ule unaenezwa na bakteria wanaopita kwa vidole, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na kwa inzi wanaotua kwenye tongotongo. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani, hujikunja, na nywele zake zikageuka kukwangua mboni. Nimeona bibi zetu wakitembea na kibanio kwenye pindo la khanga ili wang'oane nywele hizo, na wengine wakiongozwa kwa fimbo na mjukuu kwa sababu walikwisha pofuka. Watafiti walikuja kuusoma ugonjwa huu vijijini kwetu, na mwaka 1995 yakachapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika hapa hapa Kongwa: katika vijiji ambako wazazi walihimizwa kuwanawisha watoto uso, pamoja na mafuta ya dawa ya machoni, vikope vikali vilipungua kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Kuosha uso leo ni sehemu ya mkakati unaotumika duniani dhidi ya vikope, sambamba na upasuaji wa kope, dawa na usafi wa mazingira.

Kikwazo kilikuwa maji. Mama anayebeba ndoo kutoka mbali alituambia wazi kwamba hawezi kumwaga maji kwa ajili ya uso wa mtoto utakaochafuka tena baada ya saa moja. Hatukumshinda kwa mabango. Nakumbuka tulikaa na akina mama chini ya mti baada ya kipindi chao cha Biblia, tukachukua kata moja ya maji na kuanza kunawisha watoto mmoja mmoja, huku mama mwenyewe akiwahesabu. Maji yakabaki. Wiki iliyofuata hatukuwepo, lakini walinawishana. Mpaka leo, nikimwona mama amesimama nje ya mlango wa kanisa akimpangusa mwanawe uso kabla ya kuingia, najua alilipata wapi lile.

Sasa presha ni rahisi kuliko vikope, maana haihitaji hata maji. Inahitaji meza, kiti chenye mgongo, daftari na mashine ya kupimia mkono wa juu. Yetu tuliinunua kwa fedha ya mnada wa sadaka: kuku, mayai, debe la uwele na mbuzi mmoja aliyetolewa na mzee mmoja kwa shukrani. Bei ya mashine haikuzidi bei ya yule mbuzi. Nasema hivi kwa sababu kila nilipolieleza jambo hili parishi nyingine, swali la kwanza lilikuwa mfadhili ni nani.

Tunapima Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya ibada. Mwanzoni tulipima baada, tukakosea. Mtu aliyetoka kuimba na kucheza kwa saa mbili, na wote mnajua kwaya zetu za Kigogo zinavyocheza, mashine itamwambia uongo. Anayepimwa anakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa chai au kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, na haja ndogo aimalize kwanza. Akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi tunarudia baada ya muda kidogo, tunaandika, tunampa karatasi aende nayo zahanati. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa, na sisi hatugawi dawa. Ila akifika 180 kwa 120 huku akilalamika kichwa, kifua au macho kuona ukungu, hapo ibada kwake imekwisha, anapelekwa hospitali saa ile ile, na mchungaji wetu ameshakubali gari lake litumike.

Jambo moja nawasihi watakaoanza. Namba ya mtu ni siri yake. Tulipata aibu mapema, pale mama mmoja alipotajwa kwenye orodha ya maombi mbele ya usharika wote, tuombee presha ya dada yetu fulani, kwa nia njema kabisa. Aliacha kuja kupimwa na nusura aache kuja kanisani. Siku hizi daftari nalibeba mimi, na mume haambiwi namba ya mkewe wala mke ya mumewe, mpaka mwenyewe apende.

Waliotushangaza ni wanaume. Miaka yangu yote kazini, wanaume wa vijiji hivi nilikuwa nawaona wakija wakiwa wamebebwa. Kliniki wanaiona ni mahali pa mama na mtoto. Lakini kiti kikiwekwa chini ya mti uani kwa kanisa, na mzee wa kanisa akawa wa kwanza kukunja shati, wanajipanga. Baadhi walikuwa wanasikia namba yao kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe.

Kisha kuna sahani. Hapa nitasema na akina mama wenzangu bila kuwaficha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sisi tunatia chumvi kwenye mlenda, na kabla ya hapo tumekwisha tia magadi ili ulainike. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani inayopandisha presha. Siwaambii muache mlenda. Nani ataacha mlenda Ugogoni? Nimepunguza magadi nyumbani kwangu, nimeongeza karanga, na wajukuu hawajalalamika. Na ugali wa uwele tusiuonee haya. Unga wa uwele usiokobolewa una madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, ambayo imekobolewa mpaka ikabaki weupe. Lakini mgeni akija kwenye sikukuu ya mavuno tunampikia sembe na kumfungulia soda, kana kwamba uwele ni chakula cha kuficha. Mwenye kisukari naye anainywa ile soda kwa sababu anaona aibu kukataa mbele ya askofu. Maji safi na karanga za kukaanga vingemtosha mgeni, askofu akiwemo.

Nitaje pia Mirembe. Watu wa Dodoma tuna hospitali ya afya ya akili inayohudumia nchi nzima, na tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Nimelisikia hata kanisani, tena kwenye mahubiri. Mama aliye na kijana anayesikia sauti akilisikia neno hilo likichekewa, hatampeleka kijana wake, atamfungia ndani. Wachungaji wakiliacha tusi hilo, watakuwa wametibu.

Chuo cha Mtakatifu Filipo kiko hapa Kongwa, na kile cha theolojia cha Msalato kiko karibu na jiji. Wachungaji wengi wa Anglikana wa kanda yetu wamepita humo. Naomba wakuu wa vyuo hivyo watuite wauguzi wastaafu, tupo wengi na hatudai posho kubwa, tukae na wanafunzi siku mbili tu kabla hawajatumwa mitaani: wajue kupima, wajue dalili za kiharusi, wajue la kumwambia mgonjwa anayetaka kutupa vidonge. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana pale Dodoma kinafundisha uuguzi na famasi; vijana wale wakipewa nauli ya Jumapili moja kwa mwezi, parishi nyingi zitapata mikono. Na ndugu zetu Waislamu, wa Kondoa na kwingineko, nina hakika kiti kama hiki kinatosha chini ya mti wa msikitini pia, baada ya wudhu, kabla ya swala ya Ijumaa. Mashine yetu tuko tayari kuwaazima wa hapa kwetu.

Ibada yetu inaanza saa moja asubuhi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi meza inatoka saa kumi na mbili, chini ya mkwaju ulio upande wa nyumba ya mchungaji. Kiti cha pili tumeshakiweka kwa ajili ya yeyote kutoka parishi nyingine atakayetaka kuketi karibu yangu aone tunavyofanya.

Muuguzi mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa